Kaka Anaamini Pikipiki Yake Haitaki Maji

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko, kwa sababu hapa ndipo pikipiki ya kaka inapolala na hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na nisipokuambia wewe sijui nitamwambia nani, maana mimi ni mtu wa aibu, hata shuleni mwalimu akiita jina langu nilikuwa nanyoosha mkono tu. Nimemaliza shule mwaka huu, niko nyumbani na mama na kaka, ambaye anabeba abiria kwa pikipiki na ndiye anayetulisha.

Ilianza kidogo kidogo. Pikipiki ikikataa kuwaka asubuhi, kaka akiingia ndani kunywa chai, mimi nafungua kabureta nazibua kitundu chake kwa unywele wa brashi ya kufulia, na siku kabureta ilipovuja nilikata gasketi, ile karatasi nene ya kuzuia mvujo, kutoka boksi la majani ya chai nikaibana kabla hajamaliza kikombe cha pili, naye akitoka anapiga kiki, inawaka, anasema, "Unaona, ilikuwa imechoka tu." Nilijifunza kwa kumchungulia fundi wake dirishani, kwa sababu kaka alishaniambia, "Hii si sufuria, usiiguse."

Sasa miezi miwili iliyopita tangi lilitoboka kwa chini, tundu dogo kama la sindano, nikachukua kipande cha sabuni ya mche nikakikanda kwa vidole nikakisugua pale mpaka petroli ikakoma, na kweli ilishika. Nilichosahau ni kwamba kaka anapenda kuosha pikipiki kuliko anavyopenda kula, wenzake kituoni wanamwita Msafi, na akiosha, sabuni inayeyuka, tangi linavuja tena, naye akienda kuvaa shati mimi naziba upya. Mara ya tatu alichuchumaa akaitazama sana, kisha akamwambia mama, "Mama, hii pikipiki haitaki maji. Nikiiosha inalia, nikiiacha inapona."

Mama akasema labda ina mafua.

Tangu siku hiyo haioshi. Aliwaambia na wenzake, wakamcheka, lakini mmoja wao pikipiki yake ikamzimikia siku ileile aliyoiosha, basi wote wameacha, sasa zimejipanga pale kituoni zina vumbi hata hujui ipi nyekundu ipi bluu, na fundi mwenyewe alipoulizwa alikuna kichwa akasema amewahi kusikia kitu kama hicho.

Ningecheka na mimi, lakini Jumamosi kaka atampeleka mama hospitali kuangaliwa mguu, ni mwendo wa saa mbili, na mvua zimeanza. Mvua ni maji, mshauri. Kila nikitaka kumwambia kaka, naishia kumuuliza kama nimwongezee chai. Naogopa akijua hataniruhusu hata kuisogelea, na kusema kweli nataka kuwa fundi, hilo sijamwambia mtu yeyote. Nifanye nini?

Binti wa nyuma ya jiko

Binti wa nyuma ya jiko,

Marahaba. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja kuuliza kuna nini, kisha nikafika penye mvua, nikavuta kalamu. Mwanangu, petroli ikidondokea injini yenye moto haiulizi nani ana aibu. Sabuni ile ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kuishi nayo miezi miwili. Tena unaziba tangi linalovuja hatua chache kutoka kwenye moto wa chai. Hapo ningekuwa mama yako ningesikika hadi kituoni.

Haya, nimeshagomba. Mama hapandi pikipiki hiyo Jumamosi, hilo halina mjadala. Na kaka lazima ajue leo, siyo Ijumaa jioni.

Unasema mdomo haufunguki. Usiufungue. Akirudi leo, ngoja injini ipoe kabisa, isukume uani mbali na jiko, mwite. Mwagia maji chini ya tangi, sugua kwa kidole, acha aone linavyodondoka. Kisha toa sabuni yako mfukoni, uzibe mbele ya macho yake. Mikono yako imeshazoea kusema na hiyo pikipiki, itasema na mwenyewe pia. Atakasirika, ndiyo. Mtu aliyekaa na vumbi wiki zote hizi kwa sababu ya kipande cha sabuni ana haki ya kukasirika robo saa. Mpe chai.

Akishatulia, tangi litolewe, petroli imwagwe yote, lisafishwe, likachomelewe na mtu aliyezoea kuchomelea matangi. Si wewe, wala si yeye. Siku akilipeleka, nenda naye, mpitie kwa fundi wake, na ukate gasketi nyingine kama ile ya boksi la chai umwonyeshe. Mwache aishike, aigeuze. Fundi wa kweli akiona kazi iliyokatwa vizuri atauliza nani kaikata. Hapo, binti yangu, sentensi moja tu: "Ni mimi, na nataka kujifunza." Ifanyie mazoezi juu ya hiyo ndoo yako.

Na Msafi aende kituoni akawaambie wenzake ukweli. Wiki kadhaa sasa dereva wa pikipiki anayenileta kazini ananieleza kwamba pikipiki haioshwi, ni utaalamu mpya, nami nasimama mlangoni pa ofisi kila asubuhi nikipangusa sketi na kujiuliza ni nani aliyeanzisha habari hizi. Sasa nimemjua.

Jumatatu navaa sketi nyeupe. Usiniangushe.