Mama, Misa Yetu Haimo Kwenye Karatasi

Mama,

Nimekasirika, na hapa nyumbani hakuna wa kumkasirikia. Baba Neema yuko kazini. Neema mwenyewe, yule aliyekuwa tumboni tulipokuzika, ana miezi saba sasa, na nikimnung'unikia anacheka tu. Basi pokea wewe. Nisamehe kuanza bila salamu.

Si Jumapili hii iliyopita, ile ya kabla yake, Fada Thulani alisoma barua ya askofu. Akasoma kwa Kiingereza, halafu kwa Kizulu, nikaelewa mara mbili na ikaniuma mara mbili. Mapadri wamebaki wachache, watu wa kuja kanisani wamepungua, kwa hiyo kanisa letu la hapa Greyville si parokia tena. Tumeunganishwa na lile la kule juu Morningside, pamoja na lingine la tatu, na padri wa yote matatu ni yeye peke yake. Baada ya misa wakabandika ratiba mpya mlangoni. Nikaisoma kwa kidole, kutoka juu mpaka chini. Misa ya Kiingereza iko. Ya Kizulu iko. Misa yetu ya Kiswahili, ile uliyoiomba miaka mitatu mpaka wakachoka na wewe, ambayo yule padri Mtanzania mwanafunzi anakuja kutusomea kila mwezi, haimo. Hawakuifuta, Mama. Wangeifuta ningeona alama. Haikuandikwa kabisa, kama vile hatujawahi kuimba pale.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba mimi nina mkono ndani yake.

Mvua zilipoanza walipanga Jumapili za kuhesabu watu. Kila anayeingia anaandika jina na mtaa anaokaa. Kwa misa yetu karatasi nikapewa mimi, kwa sababu wamenikalisha kwenye nafasi yako ya kuongoza shirika. Sikuomba. Walinisukuma tu: mtoto wa Mama Prezidanti, atajua. Sikujua kitu. Papa Deo kinyozi aliiona ile karatasi, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Binti, leo jina na mtaa. Kesho gari iko mlangoni inanibeba." Unajua makaratasi yake ya ukimbizi yanavyozungushwa kila mwaka. Nyuma yake watu wakaanza kupinda kona, wakaingia kwa mlango wa sakristia. Kanisa likajaa, karatasi ikabaki nyeupe. Na mimi, badala ya kwenda kuuliza ni ya nini, nikaikalia. Kweli, niliikalia misa nzima, mtoto mapajani, na moyoni nikajisikia nimewalinda watu wako. Jumapili ya pili ya kuhesabu, mwezi uliofuata, nikafanya vilevile.

Halafu nilikuwa nakufuata wewe! Si wewe uliyesema kwetu watu hawahesabiwi, kwamba kuhesabu kunaita jicho baya? Yule nesi wa kliniki alikuuliza una wajukuu wangapi, ukamjibu, "Wako." Akabaki na kalamu hewani. Nilicheka mpaka tukafika kwenye robot, pale taa za barabarani, wewe ukaniminya mkono ninyamaze.

Lakini wewe hukuwa na haja ya kuhesabu. Wakati wa kupeana amani ulikuwa ukigeuka mara moja tu, unaona benchi lenye pengo. Misa ikiisha: "Mama Nadine hakuja. Twende." Hata kama iko mvua. Siku moja tulimkuta na homa, watoto wanakula biskuti, ukavua viatu ukaanza kupika bila kuuliza chochote. Wote ulikuwa nao kichwani: nani amehamia Bluff, nani amejifungua, nani amegombana na nani ndiyo maana anakaa upande ule mwingine. Hukuandika hata mstari mmoja. Ukaenda nao. Ngoja niseme bila kukuogopa: na wewe pia umenikasirisha. Ulinifundisha kuanzisha wimbo, kupanga maua, kukunja kitambaa cha altare bila kukivuruga. Hukunifundisha hawa watu ni akina nani.

Jumatatu yake nilimfuata Fada. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumkaripia, nimeyasema njia nzima. Nikamkuta ndani ya gari anakula amagwinya, yale maandazi ya huku, mbiombio, mafuta yamefika kwenye mkono wa kanzu, ametoka mazishi moja anaenda mengine. Eish, hasira ikapungua nusu. Si yote. Akaniambia, "Dada, mimi nimewaona, kanisa linajaa mpaka nje. Lakini askofu hana macho yangu. Ana karatasi, na karatasi yenu iko tupu." Gogo MaDlamini, bibi yetu wa misa ya Kizulu, alikuwa pale anafagia ngazi, unamjua hawezi kupita bila neno. "Nyinyi mnaimba mpaka madirisha yanatetemeka, kumbe kwenye karatasi mko bubu!" Nilitaka kumjibu vibaya. Nikaona macho yake mekundu. Alifunga ndoa kwenye ile altare, na naye wamemwambia apande taxi Jumapili.

Fada alinipa mpaka Jumamosi. Majina ya wanaosali Kiswahili, mitaa tuache.

Nikamfunga Neema mgongoni, nikachukua daftari, nikatoka. Mama, watu wako ni wagumu! Mama Nadine saluni, mikono yake yote iko ndani ya nywele za mteja, hata kichwa hakuinua. "Andika Yesu. Yeye makaratasi yake yako sawa." Saluni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, huku nataka kulia. Duka la simu wakaniambia nirudi kesho, na kesho yake wakaniambia nirudi kesho. Kwa Papa Deo ndiyo ikawa mbaya. "Mtoto wa Prezidanti amekuwa polisi? Uniform umeacha wapi?"

Nilichoka pale. Nikakaa kwenye kiti chake cha wateja, nikafungua daftari, na mbele yake nikaandika jina langu lote. Nikaandika la baba Neema. Kwenye jina la Neema niliisimamisha kalamu, kwa sababu nilikuwa namhesabu mtoto, nikasikia kama wewe unanishika kiwiko. Nikaandika. Nikamwambia, "Papa, mlangoni pale nilikosea. Niliikalia karatasi nikadhani nawalinda. Wale hawatafuti mtu. Wanatafuta kama tuko. Wakitukosa, misa imekwisha, na wewe dhambi zako utaungama kwa Kizulu." Akafuta wembe muda mrefu. "Kizulu changu kinatosha mkate tu," akasema. "Dhambi zangu hakiziwezi." Akachukua kalamu.

Baada ya yeye wakaja. Si kwa mbio, lakini wakaja. Mama Nadine alileta wadogo zake watatu na mteja mmoja ambaye nywele zake zilikuwa nusu. Wengine sikuwajua hata sura, wakaniambia wewe uliwahi kuwatembelea. Kumbe wako wengi hivi, nikasema moyoni, na nilikuwa nimewakalia.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu leo. Jumamosi tumemaliza, tumesimama nje ya kanisa, Papa Deo akasema, "Bado jina moja. Andika Mama Prezidanti, pale juu kabisa, orodha ikamilike." Wote wakasema ndiyo, merci, ndiyo. Wakanitazama.

Nilikataa. Niliwaambia askofu anataka walio hai.

Mama Nadine aliniangalia kama nimekutukana mbele ya watu. Labda nilikutukana. Lakini nilifikiri, tukianza kuongeza hata jina moja ambalo halitaingia mlangoni Jumapili, na wewe ukiwa wa kwanza, nani atayaamini yale mengine? Nilifikiri hivyo na sauti yangu ilikuwa ngumu. Nikafunga daftari. Mama, mpaka siku ile bado nilikuwa nakuachia nafasi kwenye benchi, mimi nakaa pembeni, mfuko wa mtoto naweka chini ili nisiiguse. Nilikuzika na sikujua. Pale nje, na daftari mkononi, ndipo nilijua.

Jana Fada alipiga simu. Misa tumepata. Lakini si hapa, ni kule juu Morningside, Jumapili ya nne, saa nane mchana, jua lote kichwani. Wametupa saa ambayo hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Hapa kwetu itabaki misa moja ya Jumamosi mpaka waone. Waone nini, hakusema, na sikumuuliza, maana nilisikia kwenye simu anaendesha gari. Watu wanashangilia. Mimi nashangilia nusu, ile nusu nyingine inataka kurudi kumkaripia. Magoti ya wazee unayajua, na taxi ya kule siku ya Jumapili ni ya kusubiri mpaka uzeeke.

Hata hivyo nakuahidi. Jumapili ile ya kwanza tutapanda kwa miguu, tuanze mapema juu ya wazee, tupumzike kila kona. Gogo amesema anakuja. Kiswahili hajui hata neno, ila anasema kelele zetu ameshazizoea. Na asiyefika nitamfuata kwake jioni ileile, nijifunze sura yake na shida zake, mmoja mmoja, mpaka nami niwe nao. Kwenye benchi la kule nitakaa katikati. Usinione vibaya.

Lala, Mama, umechoka vya kutosha kwa ajili yetu. Mungu akikuuliza habari za watu wako, mwambie tuko njiani. Mlima ni mrefu, na mtoto anataka kunyonya.

Mwanao,
Esperansi