Zamu ya Kivuli

Baba watoto,

~~Chakula chako kiko jikoni.~~ Chakula cha watoto kiko jikoni. Bomba la nje linavuja, lifunge vizuri.

Nimekaa kwa dada wiki mbili tu. Leo asubuhi naingiza mkono kwenye ndoo niliyopanda nyanya, natoa ute. Ute! Majani yameoza, ukungu umevaa mashina, konokono wamejilalia humo kama kwao. Nimenawa kwa sabuni ya kufulia na mkono bado unanuka. Kitinda mimba ndiye aliyeniambia: “Baba alibadilisha viti.” Eti kila mmea upate zamu ya jua na zamu ya kivuli, kama unavyowahamisha wanafunzi wako kila Jumatatu. Kinyaa kitupu!

Mwalimu mzima! Nyuma ya tangi la maji, ulikozipeleka nyanya, jua halifiki, upepo haupiti, ukuta ni mbichi mwaka mzima. Mnanaa unapapenda, ndiyo maana niliuweka pale. Nyanya nilizipanga kwenye ukuta wa jikoni kwa sababu matofali yale hutunza joto hadi usiku. Sasa nyanya zimeoza, na mnanaa umekauka kama tumbaku. Ua ni mmoja, lakini kila kona ina hali ya hewa yake.

Nimeenda kwa jirani kuomba miche. Usiguse kitu. Hata kopo tupu.

Na kwa vile unapenda zamu, leo yako ya kulala ni sebuleni, chini ya lile dirisha lisilofungika. Asubuhi utaniambia kama kila mahali ni sawa.

Mama watoto