Sauti ya Saba

Mwende, mjukuu wangu, Bwana akufunike huko kisiwani. Hapa tuko salama, ni mbuzi tu wanamaliza kunde, na babu yako anawatetea. Unaniuliza redio yenu ndogo itashindanaje na zile kubwa za ng'ambo isifungwe.

Nikiwa msichana nilifanya kazi kwa duka la kurekodi kaseti hapa Machakos. Watu walitaka za Nairobi tu, tukawa karibu kufunga. Ndipo tukaenda Ndithini kurekodi wamama sita wakiimba. Tulipoicheza kaseti, sauti zilikuwa saba.

"Futa hiyo kitu!" tajiri mwenye duka akasema.

Nikawapelekea wamama kwanza. Mmoja, Syombua, akaishika redio ya kaseti kwa mikono miwili. "Huyo ni Kalekye, msichana wangu. Nilimzika mwaka jana. Sasa mkimfuta, nitamzika mara ngapi?"

Hatukufuta. Watu walitoka hata Kithimani kuisikiliza, kisha wakatuita tuwarekodi na wao. Duka likasimama tena, maana sauti za vijiji vyao, Nairobi hawakuwa nazo.

Nimeliombea jambo hilo miaka mingi, na bado silielewi. Syombua alikuja dukani kila siku ya soko kuimba na kaseti. Siku moja kikohozi kilimkatiza katikati ya wimbo. Wale wengine kwenye kaseti waliendelea. Kalekye alinyamaza, akamngoja.

Ni mimi susu yako, ninayekutaja kila nikipiga magoti.