Kiti cha Dada Mwajuma

Dodoma, Agosti 1994, mwaka wa thelathini na moja tangu nihame hapa kuja huko pwani.

Ndugu Salimu, hamjambo huko Tanga?

Dada yangu Mwajuma miguu imechoka, lakini alitamani kuiona bembea kubwa kwenye maonyesho ya wakulima. Mume wa bintiye akamkodia kiti cha magurudumu, kisha akasimama mbali nacho.

"Sukuma basi, mwanangu," nikamwambia.

Dada akajifunika kanga usoni. "Mkwe anisukume? Pwani imekusahaulisha adabu."

Nikasukuma mimi, mkwe akitangulia kuondoa mawe njiani. Upepo ulikuwa baridi na vumbi tele, dada akicheka kila bembea ilipopanda.

"Ukiondoka, nani atanitoa nje?" akauliza.

Kuku wangu wachukue wewe. Nawaombea heri nyote. Tanga sirudi.