Mama Alitutoa Kabla ya Mwisho

Jumanne, 14 Januari 2025
Lifti imekufa tena. Ngazi hadi ghorofa ya sita, na mabuti ya theluji! Mdogo wangu Joanne yuko kwenye sofa, pumzi zinamkatika hata akiwa amekaa. Moyo wake umechoka, daktari kasema. Na wangu je?

Zeena, jirani wa chini, kaleta DVD: sinema ya zamani ya Kitaliano. Ileile tuliyoiona Mombasa tukiwa wasichana! Marehemu Mama sinema kama hizo aliziita za kulia, na alitutoa ukumbini kabla ya mwisho, kila mara, tuwahi rozari. Mpaka leo hatujui ziliishaje.

Alhamisi, 16 Januari
Tumetazama nusu. Mbwembwe zilezile — fidla zinalia kabla ya mtu kulia, kamera inarukia macho, mapazia mekundu, na mvua kila mtu akikosea. Wanja hauchuruziki! Mwanamke kamwachia dada yake mtoto. Miaka inapita, anarudi kama fundi cherehani, kumshonea binti yake gauni la harusi. Binti hamjui.

Nilicheka. Joanne hakucheka. Kazima, kasema Brendan aje Jumapili tumalizie pamoja.

Nikaelewa. Brendan ni wake. Mimi nimemlea tangu akiwa mchanga, ananiita Mama, na Joanne ni anti. Mama yetu ndiye aliyepanga hivyo, kisha akatupeleka misa. Brendan hajui.

Ijumaa, 17 Januari
Sikulala. Nimemwomba Joanne asimwambie. Kajibu kwa upole: Dada, umekuwa naye maisha yake yote, nipe siku moja tu. Nikaenda kukanda unga wa chapati. Naogopa. Nimechoka hata kukasirika.

Jumapili, 19 Januari
Brendan kaja moja kwa moja kutoka zamu ya ghala. Naandika jikoni, mlango wazi, nawaona migongo. Kalalamika kwa Kiingereza chake kwamba kamera inataka kuingia puani mwa watu. Sasa kainama mbele, anatazama.

Fundi kapiga magoti, anapinda upindo wa gauni, pini mdomoni. Fidla! Hapa ndipo Mama alipokuwa akituvuta mkono. Ningeweza kwenda kuzima. Naendelea kuandika.

"Mama!" Brendan kaita. "Come, you're missing the end!"

Kabla sijainuka, Joanne kaitika.

"Naam, mwanangu."

Brendan kacheka kidogo. Kisha kamgeukia — na hatazami tena sinema —