Daftari la Wanjiru

Alhamisi, Mei 1955

Leo nimempiga mwanamume kwa mchi.

Mjukuu wangu Wanjiru anasomea afya ya jamii chuoni. Walimu wamemtuma hapa Kawangware aulize kila nyumba wanalala wangapi na wanachota maji wapi, aandike na majina. Kuandika majina, siku hizi za watu kuzolewa na askari wa serikali alfajiri.

Jirani yetu Kamau, anayelaza wageni wasio na pasi za kukaa mjini, alimnyang'anya daftari. "Unatuuza kwa serikali, msichana?" Akamgonga ukutani mpaka jino likang'oka. Nami nikamvunja mkono. Sijutii.

Nimelichoma daftari. Wanjiru akalia, mdomo umefura: "Cucu, bila hilo watanifukuza chuoni."

"Ufukuzwe ukiwa hai."

Lakini nimemharibia masomo, najua, na moyo unaniuma.

Sasa hivi mke wa Kamau amebisha. Mtoto wao anaharisha damu tangu jana. "Mama, mwambie Wanjiru aje. Ila asiandike."

Nilitaka kumfukuza. Wanjiru alishainuka, akaenda kuwachemshia maji, na nimemwona Kamau akimfungulia mlango kwa mkono uliobaki mzima.