Mkono Hauruki

Leipzig, 3 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Natumai wewe na Mama hamjambo, na kaka Munga pia. Mimi mzima. Baridi imepungua, nimeacha kulala na soksi.

Kuna kazi ya chuo imenikwamia. Huku tunatengeneza muziki kwenye kompyuta kwa kuchora: unaweka visanduku, unaviunganisha kwa nyaya, namba zinapita humo na kutoka kama sauti. Nataka mashine itikise kayamba. Nimeweka kisanduku kinachotoa namba yoyote, moja hadi mia, iwe ndiyo nguvu ya kila mtikiso. Matokeo ni aibu. Inapiga tisini, mara nne, mara sabini na saba, utadhani mchezaji ameingiwa na siafu. Nikiweka kila mtikiso sawa, nasikia mashine ya kusagia mahindi.

Wewe hufanyaje? Tafadhali nichezee nyimbo tano, na baina yake upumzike kama kawaida yako. Munga arekodi kwa simu, asizime mpaka mwisho. Kazi natakiwa kuiwasilisha Juni.

Mwanao,
Mapenzi

Junda, Kisauni, 11 Aprili 2024

Mwanangu Mapenzi,

Marahaba. Tu wazima kwa neema ya Mungu. Mamako anakusalimu na anauliza kama huko mna mchicha.

Nimecheza, na Munga amekutumia. Swali lako lilinichekesha. Miaka thelathini naongoza kayamba kanisani, hakuna aliyewahi kuniuliza nafanyaje. Ikabidi nikae nijitazame. Kosa la mashine yako ni kuchagua upya kila mara, kama mtu asiyekumbuka alikuwa wapi. Mkono hauruki. Unaanzia pale ulipo, unasogea kidogo, juu au chini, na mwenyewe huna habari. Mbegu zikifika ukingoni mwa matete, zinarudi. Basi usiiulize mashine ni namba gani. Iulize tusogee kiasi gani kutoka hapa, na kiasi hicho kiwe kidogo. Tena isifike kwa kishindo, iteleze.

Hapa kanisani Griffin, yule fundi wa vipaza sauti, ameanza kukaa karibu na kayamba langu. Nimemwona. Nikimwachia hata Jumapili moja, basi nimekwisha.

Babako,
Mwarandu

Leipzig, 29 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Za hapo nyumbani? Huku salama, na mchicha upo ila hauna ladha.

Nimefanya ulivyosema. Kila namba sasa inazaliwa na ile iliyotangulia, inasogea hatua moja hadi tatu, na ikifika mia inarudi. Kisha kisanduku kingine kinaivuta polepole hadi ifike. Mwalimu alisikiliza dakika nne bila kugusa kitu, akauliza nani amenifundisha. Nikamwambia, karani mstaafu wa mizigo wa uwanja wa ndege.

Lakini Baba, niliigeuza rekodi yako kuwa mistari nipate kuitazama. Ukicheza, mstari wako unatangatanga vizuri. Ukipumzika, kayamba likiwa mapajani, kuna mwingine: mbegu zinalia kidogo sana, mara tano kila sekunde. Si nne, si sita. Ni hivyo hivyo katika mapumziko yote manne. Kitu gani hicho?

Mwanao,
Mapenzi

Junda, 2 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Hiyo ni feni. Siku ile kulikuwa na joto, mamako akaiwasha. Endelea na masomo.

Babako

Leipzig, 2 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Nashukuru kwamba hamjambo. Lakini ni feni gani inayozima kila ukianza kucheza?

Mstari huo nimemwonyesha jirani yangu Emmaculate, muuguzi kutoka Machakos. Ugonjwa hakuutaja. Alisema tu uende kwa daktari, usingoje. Naogopa, Baba. Niko mbali, na ukinificha sina njia nyingine ya kukuona.

Mwanao,
Mapenzi

Junda, 23 Juni 2024

Mwanangu Mapenzi,

Nakusalimu, na natumai kazi uliiwasilisha salama. Uniwie radhi kwa kimya hiki. Najua umempigia Munga mara nyingi. Mimi ndiye niliyemkataza kusema.

Haikuwa feni. Mkono wangu wa kulia ukitulia tu, unatikisika wenyewe. Ukishika kazi unaacha, ndiyo maana kanisani hakuna aliyejua. Nikiwa na watu huukalia. Niliogopa kunyang'anywa kayamba kuliko nilivyoogopa ugonjwa, na huo ndio ukweli.

Jumatatu tulikwenda hospitali. Daktari anauita Pakinsoni. Hauponi, lakini kuna vidonge vya kutuliza mtikisiko. Amesema nicheze, tena nisiache, mpaka siku mkono utakapokataa. Siku hiyo hakuitaja. Nilipotoka huko nilimwita Griffin mwenyewe, nikaanza kumfundisha. Vidonge vilikuwa rahisi kumeza kuliko hilo.

Daktari aliuliza ugonjwa ulianza lini. Nikasema Desemba. Mamako akakohoa, akasema, "Daktari, huu mwaka wa tatu." Nikamgeukia, naye akatazama ukutani. Kumbe ndiyo sababu kikombe changu cha chai huja nusu: nikikipumzisha mapajani, chai isimwagike. Muda wote huo nimekuwa nikimnung'unikia, hata mbele ya wageni, kwamba anabania maziwa. Hakunijibu hata siku moja. Alimimina nusu, akangoja nimalize, akaongeza.

Babako,
Mwarandu